Jinsi ya Kusoma Jina la Skwadroni ya Ndege za Kijeshi: Mwongozo kwa Wanaotunza Kumbukumbu Tanga

Ukifanya kazi ya kutembeza wageni Tanga, haipiti muda mrefu kabla hujaletewa kipande cha karatasi. Mgeni amekuja kuona makaburi ya vita na Boma la zamani, na mkononi ana nakala ya daftari la babu yake: "26 Sqn RFC, 1916". Mwingine ana picha ya ndege inayotua majini, nyuma yake pameandikwa kwa penseli "259, Dar". Anataka kujua maana yake, na kwa kuwa wewe ni mwenyeji anadhani unaijua. Vita vya Tanga vya Novemba 1914 kila mwongoza watalii anavisimulia, nyuki wakiwemo. Ndege hazikuwemo katika vita vile, na nadhani ndiyo sababu zikitajwa wengi wetu tunababaika.

Mwongozo huu ni wa kusoma majina hayo ya skwadroni, yaani vikosi vya ndege za kijeshi, hatua kwa hatua. Nitakaa zaidi kwa Waingereza kwa sababu ndio walioacha karatasi nyingi kwenye pwani hii, na mataifa mengine nitayagusa kwa kadiri yanavyoweza kukujia mezani.

Jambo moja litangulie: nambari peke yake haisemi kitu. Jina kamili la skwadroni linabeba nchi, mwaka, ngazi ya kikosi, kazi yake, na mara nyingi lakabu. Nambari inapata maana baada ya kujua nchi na mwaka, si kabla. Ukielekezwa nyumba ya barabara ya kumi pale Ngamiani, unahesabu kutoka ya tisa unafika. Skwadroni hazihesabiki hivyo. Kuwepo kwa skwadroni Na. 617 ya Uingereza hakumaanishi kulikuwa na skwadroni 616 zilizoitangulia zikiruka kwa pamoja. Na sisi tunalijua hili: vijana wanatoka Mgambo JKT, 835 KJ, wengine Ruvu, 832 KJ, na hakuna anayedhani kuna kambi mia nane zimepangwa mstari kutoka Handeni hadi Kibaha.

Hatua ya kwanza: nakili kama ilivyo

Kabla ya kutafsiri chochote, andika ulichokiona herufi kwa herufi, pamoja na nukta, mikwaju (/), mabano na tarakimu za Kirumi. Piga picha kwa simu, mbele na nyuma. Usisahihishe. Nukta ndogo baada ya nambari ya Kijerumani inabadilisha maana yote, na "II" si sawa na "2" katika majeshi mengine. Nimeona watu wakinakili "1/2" ya Wafaransa kama nusu, au wakiiacha kabisa wakidhani ni ukurasa.

Papo hapo tenganisha vitu vitatu ambavyo hukaa karibu karibu kwenye picha moja na huchanganywa sana: nambari ya skwadroni, herufi za utambulisho zilizopakwa ubavuni mwa ndege, na nambari ya usajili ya ndege yenyewe. Skwadroni ni watu na jina lao. Herufi za ubavuni ni alama ya kutambuana angani. Nambari ya usajili ni ya chombo, na chombo hicho kinaweza kuhama skwadroni tatu kabla hakijaanguka. Kwa ndege za Uingereza usajili wa enzi za vita vya pili kwa kawaida ni herufi moja au mbili na tarakimu chache, umeandikwa mdogo karibu na mkia. Kwa ndege za jeshi la anga la Marekani usajili huanza na mwaka wa bajeti ndege ilipoagizwa: 42 kwa mwaka 1942, 44 kwa mwaka 1944. Kwenye mkia tarakimu ya kwanza ya mwaka iliachwa, kwa hiyo ukiona 231909 pale ujue ni 42-31909.

Hata chombo kimoja kinaweza kuwa na majina mawili. Novemba 1917 Wajerumani walirusha puto kubwa la injini kutoka Jamboli, Bulgaria, kumpelekea kamanda wao, Lettow-Vorbeck, shehena huku kwetu. Liligeuzwa njiani likiwa limefika anga la Sudan. Kwa wanamaji wa Ujerumani liliitwa L 59. Kwa kiwanda lilikuwa LZ 104. Atakayesoma vitabu viwili bila kujua hilo ataandika kwamba yalikuja maputo mawili.

Hatua ya pili: nchi, jeshi na mwaka

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo usiharakishe.

Uingereza ilianza kupanga skwadroni kwa nambari mwaka 1912, ilipoundwa RFC, jeshi la ndege lililokuwa chini ya jeshi la nchi kavu. Wanamaji nao wakawa na lao, RNAS, na wao wakahesabu kuanzia moja. Kwa hiyo wakati wa vita vya kwanza kulikuwa na skwadroni Na. 1 ya RFC na Na. 1 ya wanamaji, zote za Mwingereza. Tarehe 1 Aprili 1918 majeshi hayo mawili yakaunganishwa kuwa RAF, jeshi la anga la Uingereza, na nambari zikagongana. Dawa yake ilikuwa rahisi: skwadroni za wanamaji ziliongezewa 200. Na. 1 ikawa 201, Na. 8 ikawa 208. Ukikuta skwadroni yenye nambari ya mia mbili na kitu iliyojivunia vita vya mwaka 1917, huo ndio ufunguo wake.

Makoloni na dola ndugu zilikuwa na hesabu zao pia. Jeshi la anga la Afrika Kusini lilikuwa na skwadroni Na. 1 yake, na mwaka 1940 ilipigana upande huu wa Afrika dhidi ya Waitaliano. Kwenye karatasi huandikwa "1 SAAF", na ukiacha hizo herufi nne umeshamhamishia mtu huyo jeshi lingine. Waaustralia ni kichekesho zaidi: skwadroni yao ya kwanza katika vita vya kwanza ilijulikana kwa Waingereza kama Na. 67, ikarudishiwa jina lake la Na. 1 ya Australia baadaye. Watu wale wale, nambari mbili.

Mwaka una uzito sawa na nchi kwa sababu skwadroni huvunjwa na kufufuliwa. Nambari ikilala miaka tisa ikaamka, watu ni wengine, ndege ni nyingine, kazi ni nyingine, ila historia na heshima zake zinaendelea kuhesabiwa kama za kikosi kimoja.

Skwadroni Na. 26 inafaa kusomwa kwa karibu, maana imegusa nchi hii mara mbili. Iliundwa Netheravon, Uingereza, Oktoba 1915, na wengi wa watu wake walikuwa wa Afrika Kusini. Ndiyo maana katika maandishi huitwa skwadroni ya 26 ya Afrika Kusini ingawa ilikuwa ya RFC. Mwishoni mwa Januari 1916 ikateremka Mombasa, ikaenda kupiga kambi Mbuyuni, upande wa Taveta, na ndege za BE2c na Henri Farman. Kazi yake ilikuwa kupeleleza na kudondosha mabomu wakati jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts likishuka kufuata bonde la Pangani. Tanga ilitwaliwa Julai mwaka huo na Bagamoyo Agosti. Mwaka 1918 skwadroni ikavunjwa. Ikafufuliwa 1927 huko Catterick kwa kazi ya kushirikiana na jeshi la nchi kavu. Ikavunjwa tena, ikafufuliwa tena, na miaka ya mwanzo ya 1960 ilikuwa Aden na helikopta kubwa aina ya Belvedere zenye mapangaboi mawili. Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi, helikopta za skwadroni hiyo zilikuja Dar es Salaam juu ya manowari Centaur. Kwa hiyo "26 Squadron, Tanganyika" bila mwaka inaweza kuwa rubani wa ndege ya mbao na turubai wa 1916, au rubani wa helikopta wa 1964. Mjukuu mmoja na mjukuu mwingine, wote wana haki, na wewe utawachanganya usipouliza mwaka.

Hatua ya tatu: tambua ngazi

Skwadroni kwa kawaida ni ndege kumi na mbili hadi ishirini na kitu, pamoja na mafundi, makarani na wapishi wake. Ndani yake kuna vikundi vidogo vya ndege chache, ambavyo Mwingereza huviita kwa herufi: A, B, C. Juu yake kuna ngazi ambayo Waingereza na Wamarekani huiita Wing, na nyingine, Group. Tahadhari tu kwamba hizo mbili zimepinduliwa: kwa Mwingereza Group ni kubwa kuliko Wing, kwa Mmarekani Wing ni kubwa kuliko Group. Ukiandika maelezo kwenye kibao, liache neno la asili kama lilivyo kwenye karatasi kuliko kubahatisha.

Wajerumani wa vita vya pili waliweka ngazi ndani ya jina lenyewe, na kwa kweli ni mtindo mzuri kuliko wote ukishauzoea. Ngazi ya chini ni Staffel, inaandikwa kwa tarakimu ya kawaida na nukta. Juu yake Gruppe, kwa tarakimu ya Kirumi na nukta. Juu kabisa Geschwader, kwa herufi za kazi na nambari. Hivyo 9./JG 52 ni Staffel ya tisa ya Geschwader ya 52 ya ndege za kuwindana angani, na III./JG 52 ni Gruppe ya tatu ya hiyo hiyo. JG ni wawindaji, KG ni walipuaji wa mabomu, NJG ni wawindaji wa usiku, StG ni wale wa kupiga mbizi na kuachia bomu. Kwa sehemu kubwa ya vita kila Gruppe ilikuwa na Staffel tatu, kwa hiyo unaweza kupiga hesabu: ya 1 hadi 3 ziko kwenye I, ya 4 hadi 6 kwenye II, ya 7 hadi 9 kwenye III. Mtu aliyeandika "9./JG 52" amekwambia na Gruppe bila kuitaja.

Ndege zao za mabomu zilibeba habari hiyo ubavuni. Chukua mfano A1+BT. A1 ni alama ya KG 53. B ni ndege yenyewe. T ni Staffel ya tisa, kwa mpangilio wa H, K, L kwa ya kwanza hadi ya tatu, M, N, P kwa ya nne hadi ya sita, R, S, T kwa ya saba hadi ya tisa. Picha yenye ukungu ikikuachia herufi ya mwisho tu, tayari una kitu.

Kwa Wasovieti usitafute skwadroni; kipimo chao cha kujivunia kilikuwa rejimenti. Wale wanawake waliorusha ndege ndogo za Po-2 usiku walikuwa Rejimenti ya 588 ya Walipuaji wa Usiku, na mwaka 1943 wakapandishwa heshima kuwa ya 46 ya Walinzi, nambari mpya kabisa. Anayetafuta 588 katika habari za 1944 hataipata.

Hatua ya nne: angalia nambari imeangukia fungu gani

Vita vya pili vilipoanza, Waingereza waligawa nambari kwa mafungu, na ukiyajua mafungu hayo unaweza kusema mengi kabla hujafungua kitabu.

Kuanzia 300 ni washirika waliokimbia nchi zao. Wapoland walianzia 300, Na. 303 ndiyo maarufu zaidi. Wacheki na Waslovakia 310 hadi 313. Waholanzi 320 hadi 322. Wanorwe walianzia 330. Wagiriki walikuwa na 335 na 336. Wafaransa walianzia 340, Wabelgiji 349 na 350. Usidharau fungu hili kwa kudhani ni la Ulaya tu. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalikuwa na Wagiriki wengi, na Tengeru, kule Arusha, kulikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa Kipoland wakati wa vita. Albamu ya familia ya namna hiyo ikiwa na 303 au 335 nyuma ya picha, nambari yenyewe inakupa taifa.

Kuanzia 400 ni Kanada, kuanzia 450 Australia, kuanzia 485 New Zealand. Fungu la 600 hadi 616 lilikuwa la askari wa akiba waliojitolea, ambao wengi walikuwa na kazi zao za kawaida mjini. Skwadroni maalumu iliyoundwa Scampton Machi 1943 kwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani ilipewa nambari iliyofuata fungu hilo, 617. Haikuwa ya akiba. Ndiyo maana nasema fungu linakupa dokezo. Uthibitisho utautafuta kwingine.

Fungu la 700 na la 800 ni la ndege za wanamaji: 700 kwa mafunzo na kazi za nyuma, 800 kwa vita. Ile manowari Centaur ya mwaka 1964 ilikuwa na helikopta za Wessex za skwadroni 815. Mtu anayejua mafungu anaona papo hapo kwamba 26 na 815 zilizokuwa juu ya meli moja ni za majeshi mawili tofauti.

Wamarekani wa jeshi la anga nao walitenga nambari kuanzia 101 hadi chini ya 300 kwa walinzi wa anga wa majimbo yao, mpango ulioanza 1946. Wajapani wa jeshi la majini walikwenda mbali zaidi. Awali vikosi vyao viliitwa kwa jina la kituo, kama Tainan au Kanoya. Mwishoni mwa 1942 majina yakafutwa zikaja tarakimu tatu, na tarakimu ya mamia ikawa inasema kazi: Tainan ya wawindaji ikawa 251, Kanoya ya walipuaji wa masafa ikawa 751.

Hatua ya tano: soma herufi za kazi

Kwa Waingereza herufi huja kwenye mabano baada ya nambari: F kwa ndege za kuwindana, B kwa mabomu, AC kwa kushirikiana na jeshi la nchi kavu, GR kwa upelelezi wa baharini. Skwadroni nyingine zimezing'ang'ania hata kazi ilipobadilika. II (AC) inaendelea kuandika AC na tarakimu yake ya Kirumi, kama IX (B) inavyoandika B. Hiyo ni fahari, usiisome kama maelezo ya kazi ya leo.

Wanamaji wa Marekani ndio wenye mfumo wa herufi unaolipa kujifunza, kwa kuwa ukishika herufi chache unasoma mamia ya majina. Herufi V, waliyoianza mwaka 1920, ni ndege yenye mabawa, nzito kuliko hewa. Z ilikuwa ya maputo, na H ni helikopta. Baada ya V inakuja kazi: F ya kuwindana, A ya kushambulia, P ya doria, T ya mafunzo, AQ ya kuvuruga rada. Kwa hiyo VP ni doria, VF wawindaji, na VFA ni zile zinazowinda na kushambulia pia. Ukiona M katikati, ni ya wanamaji wa nchi kavu, Marines: VMF-214, wale "kondoo weusi" wa 1943, baadaye VMA-214. Nambari haikuguswa, kazi ndiyo iliyobadilishwa na herufi ikafuata.

Jeshi la anga la Marekani huandika kazi kwa neno zima, na neno hilo hubadilika kama fasheni. Kikosi cha 94 cha rubani maarufu Eddie Rickenbacker kilikuwa 94th Aero Squadron mwaka 1918, kisha Pursuit, kisha Fighter, katikati kikapita kwenye Fighter-Interceptor na Tactical Fighter, kikarudi Fighter. Nembo ya kofia ndani ya duara ni ile ile. Vivyo hivyo kikosi cha marubani weusi wa Tuskegee: 99th Pursuit mwaka 1941, 99th Fighter mwaka uliofuata. Neno hilo ni saa nzuri ya kupimia umri wa karatasi. "Pursuit" ikiwepo, karatasi ni ya kabla ya katikati ya 1942.

Wafaransa wa vita vya kwanza waliweka herufi za kiwanda cha ndege mbele ya nambari. Escadrille (skwadroni kwa Kifaransa) moja ile ile ilikuwa MS 3 ilipokuwa na Morane-Saulnier, N 3 ilipopewa Nieuport, SPA 3 ilipopewa Spad. Tarakimu 3 ndiyo kikosi. Herufi ni ndege. Ndiyo ile yenye nembo ya ndege korongo, alimoruka rubani shujaa Guynemer. Baadaye wakaja na mkwaju: 1/2 ni skwadroni ya kwanza ya kikosi kikubwa cha pili. Korongo wanaishi humo sasa.

Hatua ya sita: lakabu, beji na kaulimbiu

Lakabu inahama, na hilo ndilo la kukumbuka. "Jolly Rogers" wa wanamaji wa Marekani, wale wa fuvu na mifupa miwili, walianza VF-17, jina likapita mikono hadi VF-84, na ilipovunjwa 1995 likachukuliwa na VF-103. Mtu akikwambia babu yake alikuwa Jolly Roger bado hajakwambia skwadroni.

Waingereza walikuwa na majina ya mabano ya aina nyingine: makoloni yaliyochanga fedha za vita au kutoa watu yalipewa skwadroni yenye jina lao. 249 (Gold Coast), 91 (Nigeria), 237 (Rhodesia). Hiyo ya mwisho ilikuwa ni kikosi cha Rhodesia ya Kusini kilichogeuzwa jina Nairobi, Aprili 1940. Lakini usidhani 91 (Nigeria) ilijaa Wanigeria. Jina lilikuwa shukrani kwa michango, na michango ile ilitoka mifukoni mwa watu waliokuwa hawaruhusiwi kushika usukani wa ndege hizo.

Beji za skwadroni za RAF zilianza kuidhinishwa rasmi na mfalme miaka ya 1930, zote kwa fremu moja: duara la majani, taji juu, jina ubavuni, mnyama au kitu katikati, kaulimbiu chini. Taji litazame vizuri, maana ndilo litakalokupa umri. Taji lenye matao yaliyopinda juu kama kuba ni la wafalme wa kabla ya Malkia Elizabeth wa Pili, na limerudi kwa Mfalme Charles baada yake. Matao yaliyobonyea katikati ni la enzi yake, kuanzia miaka ya 1950. Beji ya 26 ina kichwa cha swala wa Afrika Kusini na kaulimbiu ya Kiafrikana, "N wagter in die lug", mlinzi angani. Yote hiyo ni kumbukumbu ya Mbuyuni na watu wa 1916.

Na sasa ile 259. Skwadroni hiyo ilizaliwa 1918 huko Felixstowe kwa ndege za majini, ikafa mwaka uliofuata. Februari 1943 ikafufuliwa Kipevu, Mombasa, na ndege za Catalina, kuwinda nyambizi za Wajerumani na Wajapani katika Bahari ya Hindi. Agosti 1943 Catalina zake, pamoja na za 265, ziliizamisha nyambizi U-197 kusini mwa Madagaska. Baadaye mwaka huo ikahamia Dar es Salaam. Wazee wa pwani waliokuwa wakisimulia ndege yenye tumbo la mashua hawakuwa wanaota. Kaulimbiu ya skwadroni hiyo, chini ya taji la Mfalme wa Uingereza, ni ya Kiswahili: "Haya ingia napigane". Kiswahili chenyewe kimechongwa na mtu wa kambini, lakini ni chetu, na mgeni mwenye beji hiyo atafurahi ukimsomea kwa sauti bila kutazama kitabu.

Hatua ya saba: herufi za ubavuni

Ndege za RAF za vita vya pili zilikuwa na herufi mbili za skwadroni upande mmoja wa alama ya duara na herufi moja ya ndege upande wa pili. AJ ilikuwa 617, na AJ-G ndiyo aliyoruka kamanda wake, Guy Gibson, usiku wa mabwawa. Zilikuwa siri, na zilibadilishwa: skwadroni 19 ilikuwa WZ kabla ya vita, vita vilipoanza ikawa QV. Kwa hiyo herufi nazo hazisomwi bila mwaka. Leo kwa jeshi la anga la Marekani herufi mbili za mkiani huonyesha kituo au kikosi kikubwa, si skwadroni: LN ni Lakenheath, ambako skwadroni kadhaa hutumia LN hiyo hiyo na kutofautishwa kwa rangi ya mstari juu ya mkia. Kwenye meli za Marekani tarakimu tatu puani husema nafasi ya skwadroni ndani ya kikosi cha meli: za mia moja ni ya kwanza, za mia mbili ya pili. Ukiona ndege ina 204, usiandike skwadroni ya 204.

Makaburini mambo ni machache zaidi. Mawe ya askari wa anga wa Jumuiya ya Madola yana nembo ya jeshi, jina, cheo na tarehe, na mara nyingi nambari ya skwadroni haikuchongwa. Nembo ya RFC kwenye jiwe inakwambia alikufa kabla ya Aprili 1918 au muda mfupi baadaye. Nembo ya tai ni RAF. Skwadroni itafute kwenye orodha ya tume ya makaburi hayo mtandaoni, kwa jina na tarehe.

Hatua ya nane: andika kadi

Ukishasoma, andika kwa mpangilio mmoja kila mara, ili anayekuja baada yako asianze upya: jeshi, nambari, mabano kama yapo, mwaka, mahali, ndege, kisha chanzo cha kila kimoja. Jina la kikosi liache katika lugha yake, maelezo yawe ya Kiswahili. Kile mlichokiona kwenye picha kitengwe na kile mlichokitoa kitabuni. Kwa ile picha ya penseli, kadi yake ingekuwa hivi:

RAF, skwadroni Na. 259. Dar es Salaam, kati ya mwisho wa 1943 na 1945 (kwa historia ya skwadroni, picha haina tarehe). Ndege: Catalina (inaonekana). Nyuma ya picha: "259, Dar", penseli. Usajili wa ndege: hausomeki. Majina ya watu: hayajaandikwa, aulizwe mwenye albamu.

Huo mstari wa mwisho uulize siku hiyo hiyo, kabla hajapanda basi la Dar.